Jamaa wa Kilwa Alisema Arusha Ni Mji wa Juzi, Mchumba Wake Akampa Jumamosi Moja

Ugomvi ulianzia kwenye supu. Jumamosi asubuhi, kibanda cha mama mmoja jirani na Soko Kuu la Arusha, baridi ile ya mwezi wa saba ambayo watu wanavaa makoti mawili na bado wanatetemeka. Jamaa kashika bakuli la supu ya mbuzi kwa mikono yote miwili kama anaota moto. Mchumba wake, binti wa Kimeru aliyezaliwa hapo hapo, anakata chapati taratibu. Jamaa akatazama vifodi na bodaboda vinavyogombania njia, akasema, "Mji wenu mzuri mama, ila hauna historia. Mji wa juzi huu."

Tuwe wakweli, jamaa ana haki ya kuringa. Kwao ni Kilwa. Kilwa Kisiwani walikuwa wanatengeneza sarafu zao wenyewe na kushika biashara ya dhahabu ya Sofala wakati miji mingi inayosifiwa leo haijawa hata kijiji. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipita pale mwaka 1331 na akausifia mji. Mreno alipofika mwaka 1505 alikuta mji wa mawe, akauvamia. Magofu yake pamoja na ya Songo Mnara yako kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981. Mtu aliyekua anacheza mpira karibu na magofu kama hayo, ukimwonyesha Mnara wa Saa atacheka tu.

Lakini kulikuwa na kitu kingine chini ya hayo maneno, na binti alikijua. Siku inayofuata, Jumapili, jamaa alikuwa akutane na wajomba. Na ajenda yake ilikuwa moja: kuna heka moja na nusu kule Ngarenanyuki, nyuma ya Mlima Meru, ambayo babu alimwachia binti kabla hajafa. Jamaa alikuwa ameshapata dalali. Hesabu yake: shamba liuzwe, inunuliwe Noah ya biashara, maisha yaanze. Kwenye makaratasi ni hesabu nzuri tu. Binti hakubisha. Alisema, "Nipe leo. Kesho utasema unachotaka."

Basi wakaanza na Boma.

Boma la Arusha lipo palepale mwisho wa barabara inayotambulika kwa jina lake, kuta nyeupe nene, leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Watu wengi wa mjini wanapita hapo kila siku na hawajawahi kuingia. Lilijengwa na Wajerumani mwaka 1900, na waliobeba mawe ni Waarusha na Wameru ambao hawakuombwa, waliamrishwa. Jamaa akahesabu haraka haraka: miaka mia na ishirini na ushee. "Si nimekwambia? Juzi."

Ila swali si boma lina miaka mingapi. Swali ni kwa nini lilijengwa. Mtu hajengi ngome mahali pasipo na watu.

Wameru walikuwa wameshaishi kwenye mteremko wa kusini-mashariki wa mlima tangu karne ya 17, wametokea upande wa Kilimanjaro, ndiyo maana hadi leo Kimeru na Kichaga cha Machame vinaelewana kama ndugu. Waarusha walifika baadaye, miaka ya 1830, kutoka Arusha Chini kule kusini ya Moshi, wanaongea Kimaa lakini wanalima migomba. Yaani mlima ulikuwa na wenyewe, mashamba yana mipaka, mifereji ina zamu. Oktoba 1896 wakafika wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, wakapiga hema Akeri, juu ya Tengeru. Walikuja kuhubiri, lakini walikuja wakati mmoja na askari wa Kijerumani waliokuwa maeneo hayo, na mtu wa kawaida angetofautishaje? Siku chache tu baadaye wapiganaji wa Kimeru na Kiarusha wakawavamia usiku na kuwaua.

Adhabu ilikuwa ya kutisha. Kapteni Johannes alitoka Moshi na askari wake pamoja na wapiganaji wa Kichaga, wakaua watu, wakachoma nyumba, wakakata migomba, wakaswaga ng'ombe. Hapo kwenye migomba pasomwe mara mbili. Ukimkata mtu migomba mlimani umemkata chakula cha miaka, si cha msimu. Machi 1900 Wajerumani wakawanyonga viongozi kwa mkupuo kule Old Moshi. Jina linalojulikana zaidi ni Mangi Meli, ambaye fuvu lake bado linatafutwa Ujerumani mpaka leo, lakini kwenye ile miti walikuwepo pia viongozi wa Meru na Arusha. Mwaka huo huo ndiyo boma.

Jamaa akaacha kupiga selfi.

Mnara wa Saa walipita tu. Kuna ule msemo kwamba hapo ndiyo katikati ya Cairo na Cape Town. Binti alikuwa amekaa na ramani ya simu: Cairo iko kama nyuzi 30 kaskazini ya ikweta, Cape Town kama 34 kusini, katikati inaangukia kama nyuzi 2 kusini, na Arusha iko zaidi kidogo ya 3. Si kamili, ila kwa mji unaopenda sifa kama Chuga, imekaribia vya kutosha.

Kwenye Makumbusho ya Azimio walikaa zaidi kuliko walivyopanga. Kajumba kenyewe kadogo, Kaloleni, jirani na ule mnara wa mwenge. Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikaa Arusha tarehe 26 mpaka 29 Januari 1967, na Azimio likatangazwa tarehe 5 Februari. Kesho yake benki zikataifishwa. Kilichomchekesha jamaa ni masharti ya viongozi: kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. "Leo wakipitisha hii, bungeni watabaki wahudumu wa chai," akasema, na mzee mmoja aliyekuwa anaangalia picha akacheka mpaka akakohoa.

Huo ndio upande wa Arusha ambao kila mtu anaujua. Azimio, halafu jengo la AICC, halafu mahakama ya mauaji ya Rwanda iliyokaa hapa mpaka 2015, halafu makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Na kwa vijana, hip hop: X Plastaz waliochanya juu ya sauti za Kimasai kabla wengine hawajathubutu. Historia ya wageni na mikutano. Ya wenye mlima iko nje ya mji kidogo.

Saa sita wakapanda gari la Usa, wakashuka Tengeru. Jumamosi ni siku ya soko, na soko la Tengeru siku hiyo ni fujo tamu: ndizi mshare zimerundikwa kama kuni, maparachichi, kina mama wamekaa chini na mitumba pembeni. Wakala kwa mama lishe. Binti aliagiza machalari, ndizi na nyama zilizopikwa mpaka mchuzi unashika kijiko. Jamaa, mtu wa wali wa nazi na pweza, alitazama sahani kama mtu aliyepewa mtihani wa hesabu. Akaonja. Hakusema kitu, ila aliomba kuongezewa, na hiyo kwa mtu wa pwani ni zaidi ya hotuba.

Tengeru hapo hapo kuna makaburi ya Wapoland. Kweli kabisa, Wapoland. Vita ya pili ya dunia iliwaleta mwaka 1942 na kuendelea, kambi ya watu kama 5,000, wengi wanawake na watoto, waliofukuzwa kwao na Warusi, wakapelekwa Siberia, wakapita Uajemi, mpaka wakatua chini ya Mlima Meru wanalima mboga. Makaburi yao yanatunzwa vizuri, yana uzio na maua. Jamaa akauliza swali la maana kwa mara ya kwanza siku ile: "Hao walipewa ardhi ya nani?"

Binti akasema twende.

Kutoka Usa River barabara inageuka kaskazini kuelekea Momella, inakatiza pembeni ya Hifadhi ya Arusha. Twiga wamesimama kama walinzi wasiolipwa. Mlima uko kushoto, mita 4,566, umepasuka upande mmoja kama chungu kilichovunjika, kazi ya mlipuko wa maelfu ya miaka iliyopita. Wapenzi wa filamu wanaijua Momella bila kujua: Hatari!, ile filamu ya John Wayne ya kukamata vifaru na twiga iliyotoka 1962, ilipigwa maeneo haya. Mwigizaji mwenzake Mjerumani, Hardy Krüger, alipapenda mpaka akanunua shamba akaishi hapo. Dunia nzima ilikaa sinema ikashangaa uzuri wa Momella. Ukiitazama leo utaona mandhari wazi kabisa, nyasi mpaka kwenye upeo wa macho, kana kwamba hapakuwahi kuwa na mtu.

Jamaa akauliza tena habari za mawe. Kwamba hata kama watu walikuwepo, mji wa kale uko wapi, magofu yako wapi. Binti akamtajia Engaruka. Chini ya ukuta wa bonde la ufa, mkoa huu huu wa Arusha, mbele ya Mto wa Mbu, kuna magofu ya makazi ya wakulima walioishi kuanzia kama karne ya 15 mpaka ya 18. Si misikiti wala majumba ya kifalme. Ni matuta ya mawe ya mashamba na mifereji ya kumwagilia, eneo la kilomita za mraba zipatazo 20. Walilima mtama sehemu ambayo mvua ni ya kubahatisha, kwa kugawana maji ya vijito vinavyoshuka kutoka nyanda za juu. Louis Leakey alifika 1935 akakadiria watu 30,000 na zaidi. Waliokuja baada yake wakapunguza sana hiyo namba. Wanaendelea kubishana kama waliondoka kwa sababu maji yalipungua au wafugaji waliwabana. "Nyie mliacha msikiti," binti akasema, "wale waliacha mfereji." Jamaa akataka kujibu, gari likaingia shimoni, jibu likapotea.

Ngarenanyuki kwa Kimaa ni Engare Nanyuki, maji mekundu. Nyuma ya mlima mvua ni kidogo, vumbi ni jingi, lakini ukifika bondeni unakutana na kijani usichokitegemea: nyanya, vitunguu, maharage, na mifereji inayopita kati ya mashamba. Nyanya nyingi zinazoliwa mjini Arusha zinatoka huku.

Bibi alikuwa amekaa nje kwenye stuli.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Ndiye huyu mtu wa baharini?"

Wakaletewa loshoro, mahindi yaliyopikwa yakalainika na kuchanganywa na maziwa mgando. Jamaa akala bila kuuliza. Binti akamwomba bibi asimulie ule mwaka. Bibi akasema anaumaliza kila akisimuliwa lakini hauishi.

Mwaka wenyewe ni 1951. Ili kuuelewa inabidi kurudi nyuma kidogo, kwa sababu bibi mwenyewe anaanzia katikati. Baada ya boma, Wajerumani waligawa ardhi ya chini ya mlima kwa walowezi. Kuanzia kama 1905 wakaja Makaburu waliotoka Afrika Kusini baada ya vita yao na Waingereza, wakapewa mashamba kaskazini ya Meru. Mlima ukazungushiwa mkanda: juu msitu wa serikali, chini mashamba ya wazungu, katikati Wameru na Waarusha wanaongezeka na ng'ombe wao hawana pa kwenda. Mwingereza alipochukua nchi mwaka 1916, mtu angetegemea mashamba ya Mjerumani aliyeshindwa yarudi kwa wenyewe. Hayakurudi. Yaliuzwa kwa walowezi wapya. Halafu 1947 ikatoka ripoti ya Jaji Wilson, ikapendekeza ardhi ya kati ya Meru na Kilimanjaro iwe eneo la wazungu la ufugaji, moja kwa moja bila Mwafrika kukatiza. Wameru waliokuwa wanaishi Engare Nanyuki wakaambiwa wahame. Wakakataa.

Novemba 1951 wakaja askari na malori. Bibi alikuwa na miaka tisa. Anakumbuka sauti ya ng'ombe kuliko sauti ya watu. Anakumbuka mama yake alikuwa na chungu cha kande jikoni, hazijaiva, na alikataa kukiacha. Akakibeba kikiwa cha moto, kanga imekunjwa mikononi, na nyuma yake nyumba inawashwa. Watu wapatao 3,000 waliondolewa. Serikali ilikuwa imewatengea Kingori, chini huko kwenye joto na malaria. Wengi waligoma kwenda, wakajibana kwa ndugu zao upande wa pili wa mlima, ambako nako ardhi ilikuwa imeisha. Familia ya bibi ililala kwenye zizi la shangazi kwa miezi. "Zile kande tulizitafuna ngumu hivyo hivyo," akasema. "Mpaka leo kande zisipoiva vizuri mimi sili."

Kilichofuata ndicho ambacho kila kijana wa Chuga angetakiwa kukijua kama anavyojua ratiba ya Ligi Kuu. Tanganyika haikuwa koloni la kawaida, ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, kwa hiyo Mwingereza alikuwa na wa kumsimamia. Wameru wakachanga pesa. Wakulima waliochomewa nyumba wakachanga pesa, tafakari hilo, wakamtuma kijana wao Kirilo Japhet mpaka New York mwaka 1952, pamoja na wakili Earle Seaton, mtu mweusi kutoka Bermuda aliyekuwa anafanya kazi Moshi. Kirilo ndiye Mtanganyika wa kwanza kusimama mwenyewe mbele ya Umoja wa Mataifa na kusema Mwingereza ametudhulumu. Miaka miwili kabla TANU haijazaliwa. Miaka mitatu kabla Nyerere hajafika ukumbini hapo.

Kura hazikutosha. Azimio la kuwarudishia ardhi lilihitaji theluthi mbili kwenye Baraza Kuu, halikuzipata. Kirilo akarudi, akazunguka nchi nzima akisimulia kilichotokea, na watu waliokuwa wanafikiri shida ya Meru ni ya Wameru wakaanza kuona ni yao pia. Na wale walowezi wa Engare Nanyuki? Hawakufanikiwa na mradi wao, na ardhi ikarudi mikononi mwa Wameru. Baba yake bibi alirudi kupima mipaka yake kwa kutafuta mawe ya jiko la zamani chini ya majani.

"Yapo wapi hayo mawe?" jamaa akauliza.

Bibi akaonyesha kwa kidevu. Pembeni ya mfereji, kwenye kona ya ile heka moja na nusu, mafiga matatu meusi, moja limepasuka. Mjukuu wa kike kuachiwa shamba si jambo jepesi kwa Wameru wa zamani, na wajomba walinung'unika sana babu alipolifanya. Bibi ndiye aliyewanyamazisha. Jamaa alienda akachuchumaa pale kwa muda, wala hakupiga picha.

Walirudi mjini usiku. Njaa tena, baridi tena, wakaishia Khan's, ile sehemu ya mtaa wa msikiti ambayo mchana ni gereji na usiku ni kuku wa kuchoma, moshi mpaka barabarani, saladi za kila rangi mezani. Jamaa alikula kwa kasi na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakuilinganisha Arusha na Kilwa. Dalali alipiga simu mara mbili. Mara ya kwanza hakupokea. Mara ya pili akapokea, akasema, "Kaka, tuongee wiki ijayo," akakata. Binti akamwangalia. "Wiki ijayo?" Jamaa akasema, "Acha nimalize kwanza kuku, mama."

Kwa hiyo haikuisha pale, na yeyote anayefikiri mtu anabadilika kwa siku moja hajawahi kuwa na mchumba. Walibishana mpaka saa saba usiku. Noah bado inahitajika, mtaji bado haupo, na shamba la nyanya halilipi kodi ya chumba mwezi wa kwanza. Hoja zake zote zilikuwa za kweli.

Jumapili mchana, Ngarenanyuki, wajomba wanne wamekaa kwenye benchi. Wakamkaribisha, wakamuuliza amekuja na neno gani. Jamaa akakohoa. Akasema anaomba kuelezwa zamu za maji za mfereji zinavyokwenda, maana kwao Kilwa maji ya kumwagilia hawayajui. Wajomba wakaangaliana. Yule mkubwa, aliyenung'unika kuliko wote enzi za babu, akatoa daftari lililochakaa mfukoni, akalamba kidole, akafungua.

Zamu ya shamba lile ni Jumanne, saa tisa usiku. Ukichelewa, maji yanapita kwa jirani.